Macho ya mnunuzi na macho ya mgeni: bei za nyumba Unguja

Dalali mzoefu wa Paje au Jambiani humpeleka mnunuzi pwani maji yakiwa yamejaa. Saa sita baadaye, siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ile ile huwa imepwa hata kilomita nzima, na machoni hubaki mchanga, mawe na mwani. Bei lakini ilishapangwa kwa picha ya asubuhi.

Wapo wanaosema hakuna kosa hapo, kwa sababu mtazamo ndio bidhaa inayouzwa. Hoja yao ina uzito. Mgeni anayepanga kwa siku tatu hachunguzi msingi wa nyumba, hulipia anachokiona. Nungwi na Kendwa, ambako bahari haikimbii mbali, hupendwa na waogeleaji. Paje nayo, maji yale mafupi pamoja na upepo wa kusi wa Juni hadi Septemba ndiyo yanayowaleta wanaoteleza baharini kwa tiara. Kasoro kwa huyu ni mtaji kwa yule.

Ila macho ya mnunuzi si macho ya mgeni wake, na pesa nyingi hupotea kwa kuyachanganya. Mnunuzi hupendezwa na nyumba, kisha hutafuta hesabu ya kuihalalisha. Chukua mfano wa fleti ya dola 100,000 inayokodishwa dola 70 kwa usiku. Tangazo hukokotoa usiku 300, yaani dola 21,000. Ukiondoa masika, Machi hadi Mei, na siku za katikati zisizo na mtu, tuseme unabaki na usiku 160: dola 11,200. Toa asilimia 15 ya mtandao wa kuuzia na asilimia 20 ya msimamizi, hubaki dola 7,280, kabla ya umeme, kodi, ada ya jengo na kubadilisha bawaba na viyoyozi vinavyoliwa na chumvi. Kwa maoni yetu, asiyekubali hesabu ya usiku 160 asinunue.

Mji Mkongwe una udanganyifu wake. Kuwemo katika orodha ya UNESCO tangu 2000 huwafanya wengi waamini kuwa thamani imelindwa, lakini sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapo hapo, iliporomoka Disemba 2020. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zinahitaji kupumua. Ukuta uliopigwa plasta ya saruji, laini na mweupe, humpendeza mnunuzi kuliko wa chokaa uliochubuka. Kumbe saruji huzuia unyevu usitoke, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila kuonekana. Kagua baada ya masika, gonga plasta usikilize uwazi, na chokonoa boriti pale zinapoingia ukutani.

Karatasi nazo zina sura ya kuaminisha. Saini ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, huonesha kuwa ameshuhudia mauzo, haitoi hati. Lazima kutafuta kumbukumbu Kamisheni ya Ardhi, kuthibitisha kuwa warithi wote wameridhia, na kuuliza kama nyumba ni ya wakfu. Kwa asiye Mtanzania, “kununua” kwenye tangazo kwa kawaida maana yake ni kukodi kwa muda, maana ardhi ni mali ya umma. Kwa hiyo fleti mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana sana kwa thamani, moja ikiwa imebakiwa na miaka 90 na nyengine 25, na tofauti hiyo haionekani kwenye picha yoyote.