Sio kila mwanafunzi anayeanguka ana mashetani

Kila mitihani ya taifa ikikaribia lazima usikie kuna shule ya wasichana mahali fulani wanafunzi wanaanguka. Anaanza mmoja bwenini, anapiga kelele, anakakamaa mikono, kesho yake wapo saba, wiki haijaisha nusu ya kidato wanabebwa kwenye mashuka kupelekwa zahanati na huku mitandaoni watu wameshatoa hukumu, mashetani hao, shule imejengwa juu ya makaburi, kuna mti walikata bila kuaga wenyewe, basi. Mpaka mwakani tena.

Mi sibishani na imani ya mtu. Ila hili jambo halijaanza jana na madaktari waliliandika zamani. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika haina hata miezi miwili ya uhuru, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya misheni pale Kashasha, Kagera ya leo, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Ikasambaa hadi wakafika 95 kati ya wanafunzi 159, shule ikafungwa tarehe 18 Machi, ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni, na waliorudishwa makwao wakaondoka nayo mpaka vijijini, Nshamba na kwingineko. Watu wanaisimulia kama kichekesho kumbe wale mabinti walikuwa wanalia pia, wanahangaika, wengine ukiwashika wanapambana na wewe. Vipimo vikafanyika, sumu haikuonekana wala mdudu. Na walimu? Hakuna hata mmoja aliyepata. Hapo ndo huwa nasimama, ugonjwa gani huo unaochagua wanafunzi na kuwaruka walimu? Maelezo ambayo wengi wamekuja kuyakubali ni kwamba ilikuwa hofu na msongo, mtu hana pa kuusemea, mwili ukausema wenyewe.

Shule niliyosoma mimi (siitaji) tulikuwa nayo haya. Kuna dada wa kidato cha nne alianguka baada ya prepu usiku, sisi tunampepea na khanga, matroni anammwagia maji, mwalimu wa nidhamu akaingia na fimbo anasema huyu anaigiza, kesho yake akaletwa mchungaji. Akaombewa, akatulia, akarudi darasani. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemuuliza una nini mwanangu. Wakati sisi wa vitanda vya jirani tulikuwa tunajua kila kitu, baba yake kafariki likizo iliyopita, ada haijaisha, na jina lake linasomwa mstarini pamoja na wadaiwa wengine mbele ya shule nzima.

Sasa mtu ataniambia angeenda kwa mwalimu wa unasihi. Haya. Waraka wa Elimu namba 11 wa mwaka 2002 unataka shule ziwe na mwalimu wa ushauri na unasihi, kwenye karatasi wapo. Ila tunajua anavyopatikana, kwenye kikao cha walimu mkuu anaangaza macho anasema madam wewe una huruma, chukua unasihi, hajasomea, vipindi vyake viko palepale, na shule nyingine huyohuyo ndo yupo kamati ya nidhamu. Mwaka uleule wa 2002 zikatoka kanuni za viboko, visizidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, viandikwe kwenye kitabu, msichana achapwe na mwalimu wa kike. Yaani yule madam wa huruma ndo huyo huyo ataitwa kuwachapa wasichana. Ijumaa akuchape kwa kuchelewa namba halafu Jumatatu umfungulie moyo kwamba mjomba anakusumbua nyumbani? Watoto sio wajinga. Na wanajua kabisa ukimwambia saa nne, saa sita story iko stafurumu.

Ndo maana kwangu mimi hili linakuja kabla ya semina, mabango na siku ya afya ya akili ya kupiga picha: mwalimu wa unasihi asishike fimbo. Kabisa. Na asikae kamati ya nidhamu, apunguziwe vipindi, apewe chumba ambacho mlango wake hautazamani na ofisi ya mkuu maana ukionekana unaingia tu tayari una kesi. Awaambie wanafunzi mapema siri ipi ataitunza na ipi hawezi, kama mtu anataka kujidhuru au amebakwa lazima watu wengine wajue, waambiwe hivyo siku ya kwanza sio baadae.

Ipo pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ya bure kabisa, nzuri sana, ila shule za bweni simu ni marufuku na ukikutwa nayo inavunjwa mbele yako. Wawekewe simu moja pale kwa matroni basi, ya kupiga hiyo namba tu.

Na akianguka mtu mtoeni kwenye kundi, nyie wa kamera mkae pembeni, apelekwe zahanati maana inaweza kuwa malaria au kifafa, sala iwepo kama mwenyewe anataka, halafu akishatulia mtu akae naye amuulize. Polepole, bila daftari.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) waliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na mwaka huohuo Kamishna wa Elimu akazuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, nilishangilia yote mawili. Ila ukienda shuleni matokeo bado yanabandikwa ukutani kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho na majina ya wadaiwa bado yanasomwa.

Watasema bajeti hakuna. Kumvua mtu fimbo ni shilingi ngapi? Binti yangu anaingia kidato cha kwanza Januari, bweni, na mkuu wa shule nimeshamwandalia maswali yangu, nani anasikiliza watoto hapa, na huyo mtu anachapa?