Benchi Lile Lile, Mtu Yule Yule

Jumamosi iliyopita, huku ughaibuni ninakoishi, nilishindwa pointi 14 kwa 10 katika padeli, mchezo wa raketi unaochezwa wawili kwa wawili katika uwanja wenye kuta za kioo, nikatoka uwanjani na furaha ambayo sikuwahi kuipata nyumbani kwa muda wote niliocheza huko. Mwenza wangu katika raundi ile alikuwa mama wa makamo aliyeshika raketi kwa mara ya tatu tu maishani mwake, na pointi 10 tulizozipata ziliandikwa mara mbili, kwenye jina lake na kwenye jina langu. Dakika chache baadaye alikuwa upande wa pili wa wavu pamoja na kijana aliyekuwa akiongoza mashindano, wakinishambulia mimi na mwenza wangu mpya.

Mtindo huu wa mashindano huitwa Amerikano, na hesabu yake ni nyepesi. Watu wanane wakigawanywa katika viwanja viwili, kila mmoja hucheza raundi saba na wenza saba tofauti, na hukutana na kila mmoja wa hao saba kama mpinzani mara mbili. Hapahesabiwi seti wala gemu. Raundi huwa na idadi maalumu ya pointi, mara nyingi 24 au 32, na zile ambazo jozi imezipata huingia katika hesabu ya kila mmoja wao peke yake. Kwa hiyo aliyeshindwa 14 kwa 10 hajapoteza mengi, na hakuna anayethubutu kumpuuza mwenza dhaifu, kwa kuwa kila mpira unaompotea mwenza huyo ni pointi iliyokosekana kwenye jina lako wewe mwenyewe.

Ninyi wachezaji wenzangu wa nyumbani, mambo ya kwetu sina haja ya kuwaeleza. Mnajua nani hucheza na nani, na mnajua kwamba wale wawili hawajatengana tangu walipokutana. Mnalijua benchi la nyuma ya kioo na mnamjua anayelikalia, yule anayefika kabla ya wote na kuambiwa asubiri mchezo ujao. Mchezo ujao ukifika, walioshinda hawatoki, kwani kwetu mshindi hubaki uwanjani. Kanuni hiyo humpa mazoezi zaidi aliyekwisha kuyapata na kumwachia mgeni kazi ya kutazama, kisha tunalalamika kwamba wachezaji ni wale wale kila mwaka.

Najua nitaambiwa kwamba nimeondoka juzi na leo nawafundisha walionifundisha. Nilikwisha kuambiwa hivyo likizo iliyopita, nilipopendekeza tujaribu Amerikano jioni moja tu, na mmoja akaniuliza kama ughaibuni wamenifunza kucheza au wamenifunza kuringa. Sikuwa naringa. Niliyasema yale kwa sababu nilikaa kwenye benchi hilo kwa miezi, na haikuwa kwa ugumu wa mchezo. Katika padeli mpira huanzishwa kwa kuudundisha na kuupiga usizidi usawa wa kiuno, na ukuta wa kioo ulio nyuma yako hukurudishia mpira uliokwisha kukupita. Enrique Corcuera aliuanzisha mchezo huu mwaka 1969 kwenye makazi yake huko Acapulco, Meksiko. Ulianzia nyumbani kwa mtu, na sioni sababu ya kuufanya mali ya jozi mbili.

Wapo watakaosema kwamba padeli halisi ni ya jozi za kudumu, na hapo nawapa haki yao bila kinyongo. Sijaona huku ninapoishi watu wawili wanaosogea kama wale wetu, ambao mmoja akivutwa pembeni mwenzake huziba katikati bila kuitwa, na ambao hupanda wavuni pamoja na kurudi nyuma pamoja kana kwamba wamefungwa kamba moja. Maelewano hayo huzaliwa na miaka ya kucheza na mtu mmoja, na Amerikano haiwezi kuyazaa. Ninajivunia kwamba nimetoka walipo wachezaji wa namna ile. Lakini mbona ustadi wa wawili uwe kizuizi cha wengine wote, wakati tunachoomba ni jioni moja katika wiki?

Atakayesema kwamba viwango vyetu vimepishana mno, na kwamba aliye bora ataonewa kwa kupangiwa wageni, ajue kuwa hoja hiyo ina jibu lake. Upo mtindo wa Meksikano, ambao baada ya raundi ya kwanza hupanga michezo kwa kufuata msimamo wa pointi: wanne wa juu hukutana wao kwa wao, kwa mfano wa kwanza na wa nne wakicheza dhidi ya wa pili na wa tatu, na wanaofuata nao vivyo hivyo. Mkali hukutana na wakali wenzake, mgeni hukutana na wanaolingana naye, na hakuna anayekaa nje.

Watu wakiwa tisa ni kweli kwamba mmoja atakaa nje kila raundi. Huku mapumziko hayo huzunguka kwa zamu, na baadhi ya waandaaji humpa anayepumzika nusu ya pointi za raundi ili asiachwe nyuma. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza niliumia, kwa sababu nilikumbuka jioni ngapi tulikuwa tisa nyumbani, na kila jioni wa tisa alikuwa mtu yule yule.

Nitakaporudi likizo ijayo nitakuja na ratiba ya watu wanane iliyokwisha kuandikwa, raundi zote saba. Wale wawili wasiotengana watakuwa wapinzani tangu raundi ya kwanza, na mmoja wao mwenza wake atakuwa yule wa benchini.