Karanga chini ya maji: sanaa au anasa?

Chini ya daraja la mto Karanga, Moshi, niliwahi kuzamisha kinasa sauti cha majini, kidude cha ukubwa wa kidole gumba, nikavaa hedifoni. Mwanzoni nilisikia kokoto zikigongana, na juu yake mlio mwembamba kama wa mafuta kikaangoni: wadudu. Kisha mkulima wa mchicha ng'ambo akawasha pampu. Vyote vikafunikwa.

Kuna wasanii wanaofanyia kazi sauti za aina hii. Annea Lockwood, mzaliwa wa New Zealand, aliurekodi mto Danube hadi Bahari Nyeusi, juu na chini ya maji, akachanganya na simulizi za watu wa kandokando. Lizungumzie hilo hapa kwetu, utaulizwa papo hapo: mto Themi kule Arusha umejaa chupa za plastiki, wewe unahangaika na mlio wa wadudu?

Wanaouliza hivyo hawajakosea. Kelele si adui wa kwanza wa mito yetu; taka na ukame vinatangulia. Tena kelele za baa na bodaboda karibu zote hugonga uso wa maji zikarudi hewani. Kinachoingia ni mtetemo unaopita ardhini na kwenye mabomba: pampu iliyokaa juu ya mwamba, nguzo za daraja lori linapopita. Ukishafika majini, unasafiri kwa kasi ya zaidi ya mara 4 kuliko hewani.

Na humo wamo wanaoishi kwa kusikia. Perege dume hutoa sauti akimbembeleza jike. Gogogo hukwaruza mwiba wa pezi lake akishikwa. Jina lake lenyewe ni kama mlio. Wavuvi walimsikiliza zamani, bila chombo chochote.

Kwa hiyo mimi naitaka sanaa hii, ila kwa sharti. Msanii akifuta pampu kwenye rekodi ili ukumbini watu wafumbe macho wakidhani Karanga ni mzima, amewadanganya, na heri asingerekodi. Pampu ibaki, na rekodi isikilizwe ukingoni, na wenye pampu.

Siku ile nilimpa mkulima hedifoni. Alisikiliza, akaenda kuzima mashine, akarudi kusikiliza tena, kimya. Kisha akaiwasha, maana mchicha ulikuwa unanyauka, lakini safari hii akaitoa mwambani akaiweka juu ya tairi kuukuu.