Nyekundu ni Hatari

Bwana harusi wetu alilala garini usiku wa kuamkia ndoa yake. Nyumba ilijaa wageni wa Pangani, wa Lushoto, wa Mombasa, hata jikoni palitandikwa mkeka, naye akaona heri akajilaze kiti cha mbele cha gari ya mjomba, achaji simu, asikilize taarabu taratibu. Ufunguo ukakaa kwenye swichi mpaka adhana ya alfajiri. Ilipofika alasiri, tumeshavaa kanzu na masheikh wanatusubiri Makorora, nikazungusha ufunguo. Ke-ke-ke-ke-ke. Taa za dashibodi zikafifia, zikazima.

Kwetu Ngamiani, Barabara ya 12, gari ikigoma huhitaji kuita mtu. Watu waliacha bao na vikombe vya kahawa barazani, wakaizunguka boneti. Aliyewahi kusema alisema, "Isukumeni!" Basi tukasukuma. Bwana harusi alikatazwa kushika, akashika. Kanzu tumezifunga viunoni, jua la Tanga linatupiga utosini, tukaifikisha kona, tukaigeuza, tukairudisha. Mtoto mmoja aliyekuwa anamumunya ubuyu ndiye aliyechungulia dirishani akauliza, "Kwani hii si oto?"

Hakuna aliyemjibu. Gari ya oto, inayojibadilia gia yenyewe, ikishazimika, injini na matairi havishikani tena. Unaweza kuisukuma mpaka Horohoro mpakani na injini isipate habari.

Likatokea lori la machungwa kutoka Muheza. Dereva wake alikuwa mtu wa huruma kweli, akashuka mwenyewe bila kuombwa. "Mimi nina betri mbili kubwa, nitawaazima umeme," alisema, "hako kagari katawaka hata bila ufunguo." Watu wakashangilia. Lori likaanza kurudi kinyumenyume, watu wanaliongoza kwa kupiga ubavu wake, na wakati huohuo fundi umeme niliyekuwa nikimpigia bila mafanikio akapokea. Nikaweka spika.

"Mgosi, mmeshaunga?"

"Bado. Kuna lori hapa linatubusti."

"LORI?" Waliokuwa wamejiegemeza kwenye gari walisimama wima. "Msithubutu! Lori ni volti 24, betri mbili za 12 zimefuatana. Hiyo yako ni 12. Mtaunguza kompyuta ya gari, na betri yenyewe inaweza kuwapasukia usoni na tindikali yake. Tafuteni gari ndogo. La sivyo msiguse kitu, niko Pongwe, nakuj..."

Salio likaisha. Langu.

Dereva wa lori alituachia machungwa kwa masikitiko akaenda zake. Gari ndogo ikapatikana kwa jirani, na nyaya za kubusti zikapatikana kwa jirani wa jirani, moja nyekundu, moja nyeusi. Ikabaki nani aunge. Hapo akajitokeza mzee wetu mmoja, sigara mdomoni, anayeheshimika mtaani kwa kuwa amefanya kazi kwenye mabasi maisha yake yote. Baadaye sana ndipo mtu alipokumbuka kwamba alikuwa kondakta.

Waya mweusi aliuweka upesi. Kwenye mwekundu akasita, akatugeukia.

"Nyekundu ni alama ya nini?"

"Hatari," tukaitikia.

"Na hasi, tunaposema mtu ana fikra hasi, ni nzuri au mbaya?"

"Mbaya."

"Basi," akasema, "kibaya kwa kibaya. Nyekundu iende kwenye hasi."

Nikiri kwamba ilipangika vizuri. Nimesikia hotuba za wagombea zisizopangika hivyo. Hata mwenye gari alitikisa kichwa kukubali, na gari yake ndiyo inaunguruma pale mbele.

Mzee akagusisha kibanio. PAA!

Cheche ziliruka mpaka usawa wa macho. Sigara ilienda kwake, kofia ikaenda kwake, mzee akaenda kwake. Kandambili zilibaki palepale, zimeielekea betri. Uwanja uliojaa watu ukawa mtupu, vichwa vikichungulia nyuma ya nguzo na nyuma ya mtungi wa muuza kahawa. Harufu ya plastiki iliyoungua ikatanda. Nikaenda kuzungusha ufunguo: safari hii hata ile ke-ke-ke haikuwepo.

Ikapitia bajaji. Bwana harusi, mshenga na mjomba wakajipakia humo, mjomba amempakata mshenga, wakaelekea Makorora. Mimi nikaambiwa nibaki na gari.

Fundi alifika kwa bodaboda akiwa na begi lake na nyaya nene kuliko zile zetu. Hakusalimia. Alinusa, akatazama zile kandambili, akaangalia kisanduku kilicho jirani na betri. "Fyuzi kubwa imekwenda," akasema. "Shukuruni. Imekufa badala ya alteneta, ile inayochaji betri." Akaikagua betri pande zote kwa tochi ya simu. Ingekuwa imevimba, imepasuka au inavuja, alisema, asingeiunga na kitu, angeitoa kabisa. Juu ilikuwa na unyevunyevu tu. Kabla hajanionya nilikuwa nimeshaufuta kwa mkono wa kanzu. Alinipeleka bombani akanimwagia maji mengi mkononi, ila kanzu hakuna aliyeikumbuka. Matundu yake yalijitokeza ilipofuliwa, na kanzu yenyewe ya shemeji.

Alipokwisha kubadili fyuzi, watu walikuwa wamesharudi, mzee akiwa mbele, miguu mitupu, na sigara mpya. Fundi aliichomoa mdomoni mwake kwa adabu, akaizima, akamrudishia. "Shikamoo mzee. Betri inapumua haidrojeni, nayo inalipuka. Hii utavuta baadaye."

Jirani akaamriwa avue pete ya chuma, maana chuma kikigusa chanya na hasi kwa pamoja huiva papo hapo, na kidole kikiwa ndani. Magari yakazimwa yote mawili, redio na taa zake, yakaachanishwa yasigusane. Kisha fundi akaanza kuunga, taratibu mno kwa mtu aliyechelewa harusi. Kibanio chekundu kwenye chanya ya gari yetu. Chekundu cha pili kwenye chanya ya jirani. Cheusi kwenye hasi ya jirani. Cheusi cha mwisho akakibeba, akaipita betri yetu, akaenda kukibana kwenye chuma cha injini kisicho na rangi, mbali kabisa.

"Umepitiliza," akasema mzee.

"Makusudi. Kibanio cha mwisho ndicho kinachotoa cheche, mzee wangu. Cheche itoke huku, gesi ibaki kule."

Mzee alifikiri. "Na hatari?"

"Ipi?"

"Ile nyekundu."

Fundi hakujibu. Alimwambia jirani awashe, tukasubiri dakika chache huku wengine wakimenya machungwa, kisha nikazungusha ufunguo. Injini ikaitika mara moja. Vigelegele vikapigwa, nadhani ndivyo vigelegele pekee nilivyosikia siku ile, maana Makorora ndoa ilikuwa imeshafungwa. Fundi akatoa nyaya kwa kurudi nyuma: cheusi cha injini kwanza, kisha cheusi cha jirani, kisha vile vyekundu, na wakati wote hakuacha vibanio vigusane.

"Sasa nisikilize," akaniambia tukiwa njiani, kwa sababu bila shaka alipanda, harusi ni harusi. "Usiizime hii gari. Betri bado haina kitu. Ukifika, iache ikiwaka. Tukimaliza kula uizungushe mjini nusu saa nzima, alteneta iirudishie chaji."

Nikafanya hivyohivyo. Nikaegesha nje ya ukumbi, injini inanguruma, nikaingia kumpa mkono bwana harusi. Sijakaa, akaja kijana mmoja mpole, mgeni wa Lushoto, anatabasamu, kiganja kimefumbata kitu.

"Kaka, ulisahau gari inawaka. Mafuta siku hizi ghali. Nimekuzimia."

Akanikabidhi ufunguo.

Nikamtafuta fundi kwa macho. Alikuwa kwenye sinia la pilau pamoja na mzee, mkono umeshazama hadi kifundo, na mzee anamweleza jambo kuhusu rangi.