Mazuku, mpagani na jirani yake

Mgeni akipanga nyumba magharibi ya Goma, mji wetu wa mashariki ya Kongo, njia ya Sake, jambo la kwanza analoonyeshwa na majirani ni mahali pa kutokwenda. Kuna mabonde madogo katika mawe ya lava ambamo mbuzi huingia asitoke. Tunayaita mazuku, upepo mbaya unaoua usiku. Leo tunajua upepo huo ni dioksidi kabonia inayotoka ardhini: haina rangi, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, na alfajiri pasipo upepo huwa nyingi zaidi. Mtoto mwenye pua karibu na ardhi huanguka kabla ya baba yake.

Mazuku yalinijia akilini kwa sababu ya swali aliloulizwa jirani yangu mmoja kilioni. Jirani huyu hasali popote. Si Mkatoliki, si Mprotestanti, si Mwislamu, wala hakeshi katika makanisa ya uamsho. Mama mmoja akamwambia: "Baba, kama hausali, nini inakuzuia kuiba?" Watu wakacheka. Naye akajibu: "Na wewe mama, ni sala tu inakuzuia?" Kicheko kikakatika.

Wasomi wetu hulicheka swali la mama. Mimi silicheki. Katika mji ambao polisi ukiwaita huenda wasije, imani kwamba kuna jicho linaloona ni ulinzi wa kweli. Tena dini hapa haikuishia kwenye vitisho vya jehanamu. Katiba yetu, ibara ya 1, inasema Kongo ni nchi isiyofungamana na dini, lakini muulize mzazi yeyote mtoto wake anasoma wapi: mara nyingi atakutajia shule ya Wakatoliki au ya Waprotestanti. Kule Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alikataa kuukimbia mji vita vilipoufikia, akauawa Oktoba 1996. Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kuwatibu wanawake waliobakwa, ni daktari na pia mchungaji. Anayesema dini ni uongo tu aeleze kwanza watu hawa walipata wapi nguvu.

Lakini vuka mpaka, ufike Nyange, Rwanda. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi walikimbilia kanisani, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Alijua amri zote kumi. Muumini atasema huyo hakuwa Mkristo wa kweli. Sawa, ila ukisema hivyo umeshakiri kwamba una kipimo cha wema ambacho unampimia hata padri. Mwanafalsafa Mgiriki Plato aliligusa jambo hili zaidi ya miaka 2,300 iliyopita: je, jema ni jema kwa kuwa miungu imelipenda, au miungu imelipenda kwa kuwa ni jema? Sijasikia mahubiri yaliyolimaliza swali hilo.

Basi je, elimu ichukue nafasi ya sala? Hapo ndipo wasiosali nao hujikwaa. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ililipuka bila onyo. Tuliwalaumu wanasayansi wa kituo cha volkano, na kweli walikuwa wamekosa fedha, hata intaneti. Lakini utafiti uliotolewa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba mlima wenyewe haukutoa dalili za kutosha mapema. Siku tano baadaye, matetemeko yakiendelea na magma ikiwa imeingia chini ya mji, serikali iliamuru kata kumi kati ya kumi na nane zihame. Watu laki kadhaa walitoka wakiwa na magodoro na watoto mgongoni, wengine kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo. Mlipuko wa pili haukuja.

Walioamuru walikosea? Sidhani. Walikuwa na elimu nusu na muda mfupi, na elimu nusu ndiyo hali ya kawaida ya binadamu. Mgiriki Protagoras alisema kuhusu miungu kwamba hawezi kujua kama ipo au haipo, kwa kuwa jambo lenyewe ni gumu na maisha ni mafupi. Nadhani angekaa vizuri Goma.

Waumini nao walijua mno. Lava iliposimama Buhene, ukingoni mwa mji, nilisikia kwamba maombi ndiyo yaliyoizuia. Mwambie hivyo mtu wa Buhene aliyepoteza nyumba! Na mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikaichukua hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Haikuuliza ni nyumba ya nani.

Ninachokiona ni hiki: wajibu wa kumwonya mgeni kuhusu mazuku haukungoja maabara, wala haungoji katekisimu. Waliodhani ni pepo walionya, sisi tunaojua ni gesi tunaonya. Kwa hiyo jirani yangu anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na ndivyo alivyo. Usiku wa Mei 2021 alimsukuma kwa chukudu bibi kizee asiye ndugu yake.

Upande wake una pengo lakini, na haliko kwenye hoja. Wema wa mtu mmoja huchoka. Muumini akichoka, Jumapili inamrudisha, kwaya inamtafuta, wamama wa jumuiya wanakuja na unga akifiwa. Wasiosali wana vitabu, na wengine wana likelemba, mchango wa pesa wa kupokezana, ila bado hawajajenga kitu cha kuwarudisha. Katika mji kama huu naliona hilo kuwa kasoro kubwa kuliko kukosa ushahidi kuhusu mbingu.

Yule mama alilijua hilo kuliko mimi. Kicheko kilipokatika aliuliza swali la pili, polepole, bila ubaya: "Sasa baba, wewe ukikufa, nani atakuja kuimba?" Jirani yangu hakujibu. Aliinuka akaenda kusaidia kupanga viti.