Ihefu: nani afunge banio?

Ukishuka kutoka Chimala mwezi wa kumi, ukaiacha barabara kuu ya kwenda Tunduma na kufuata mfereji kuelekea bondeni, utaona jambo linalochanganya akili. Mferejini mna maji. Si mengi, lakini yapo: watoto wanarushiana, akina mama wanachota kwa ndoo na kufua papo hapo, bata wanajipitisha. Geuka uutazame mto wenyewe, hatua chache chini ya banio, yaani kizuizi kinachokatiza mto na kugeuza maji yaingie mferejini, na utakuta mchanga na mawe makavu. Mbali zaidi chini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, msimu huohuo viboko wamebanana kwenye madimbwi ya tope, na tembo wanachimba mchanga wa mtoni wapate kunywa.

Kati ya mfereji ule na madimbwi yale ndipo ilipo Ihefu, ardhi oevu ya bonde la Usangu, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Mvua inayonyesha kwenye milima ya Kipengere na Uporoto hushuka kwa mito mingi, ikiwamo Mbarali, Kimani, Chimala na Mkoji. Maji yake hutanda bondeni na kutulia kwenye matete. Hapo ndipo kambare na perege wanapozaliana na korongo na bata maji wanapotua. Kisha maji hutoka polepole mahali pamoja tu, penye mwamba wa Ng'iriama, na kuendelea kama Ruaha Mkuu hadi Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme.

Mwamba huo ni kama kizingiti cha mlango. Maji ya Ihefu yakiwa juu ya kizingiti, mto chini unatiririka. Yakishuka chini yake hata kidogo, hakuna tone linalotoka, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna maji mengi na viumbe wanaishi. Kwa hiyo swali zito ni kiasi gani cha maji kinaingia Ihefu kati ya Julai na Novemba, wakati jua linakausha na mvua hakuna. Kama kinachoingia hakifidii kinachokaushwa na jua, Ruaha inakatika.

Ilianza kukatika mwaka 1993. Mwanzoni zilikuwa wiki chache za ukame mtoni, na mwisho wa muongo ule zilishafika karibu miezi mitatu. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Frederick Sumaye, alitangaza mjini London kwamba serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2010 ulikuja na kupita, na mto uliendelea kukauka.

Tangu hapo mabishano ni yale yale: Ihefu ilindwe na nani? Wapo wanaosema ilindwe na serikali, kwa mipaka, askari na sheria. Wengine wanataka ilindwe na wananchi wanaoishi nayo, kwa jumuiya za watumia maji, sheria ndogo za vijiji na mipango ya matumizi bora ya ardhi. Mimi niko karibu zaidi na hawa wa pili, ila sitaki kuwapa ushindi wa bure, kwa sababu hoja za upande wa kwanza si za kupuuzwa.

Serikali iliona mto unakufa, umeme unakatwa nchi nzima, na bonde linajaa watu na mifugo. Wasangu walikuwapo. Wabaluchi walishaanza kulima mpunga wa kumwagilia zama za mkoloni. Baadaye wakaja wafugaji wa Kisukuma, Kimang'ati na Kimasai, kisha wakulima kutoka kila pembe baada ya kusikia habari za mpunga. Unapokuwa na watu wa asili tofauti namna hiyo, wengi wao wageni wa juzi, ni vigumu kusema "jamii" itakaa chini ya mti na kukubaliana. Na Ihefu si mali ya Mbarali peke yake: anayewasha taa Dar es Salaam ana haki humo, na mvuvi wa delta ya Rufiji, maji haya yanakoishia baharini, pia anayo. Mto unaovuka mikoa hauwezi kuachiwa mkutano wa kijiji kimoja. Hoja hiyo ina nguvu, na kila mtetezi wa usimamizi wa jamii anapaswa kuijibu kabla hajaendelea.

Basi likaundwa Pori la Akiba la Usangu mwaka 1998. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao wakaondolewa kwa nguvu, na wengi waliswaga ng'ombe hadi Lindi na Pwani. Mwaka 2008 pori likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ambayo ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000 na kuwa kubwa kuliko zote nchini kwa wakati ule.

Hapa ndipo ninapotofautiana na njia hiyo, na sababu yangu ni hesabu ya maji kabla hata ya huruma. Utafiti mkubwa uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, uliojulikana kama SMUWC, ulihitimisha kwamba kilichokausha mto kiangazi hasa ni maji yanayochepushwa na mifereji kabla hayajafika Ihefu, wala si midomo ya ng'ombe. Ng'ombe wana madhara yao: wanakanyaga kingo, wanamaliza nyasi, wanatifua ardhi. Lakini hawawezi kunywa mto. Watafiti wengine walionesha pia kwamba bwawa la Mtera hujazwa zaidi na maji ya masika, kwa hiyo kuulaumu mpunga wa Usangu kwa kila mgawo wa umeme kulikuwa kurahisisha mambo. Walioadhibiwa zaidi, kwa maneno mengine, hawakuwa ndio waliokuwa wakichukua maji ya kiangazi. Waliokuwa wakiyachukua walikuwa juu, kwenye mabanio.

Na mabanio yenyewe yana kisa. Banio la zamani la mkulima wa Usangu lilikuwa magogo, mawe, matawi na nyasi zilizopangwa kukatiza mto. Lilivuja. Masika mafuriko yalilibomoa, na wanaume wakalazimika kulijenga upya kila mwaka. Lakini kuvuja huko ndiko kulikomfikishia maji jirani wa chini. Ikaja miradi, ukiwamo ule wa Benki ya Dunia wa miaka ya 1990 wa kuboresha umwagiliaji wa wakulima wadogo, na mabanio yakajengwa kwa zege na milango ya chuma. Kwa macho ni maendeleo, na kwa mkulima wa pale ni nafuu kubwa, maana hajengi tena kila mwaka. Kiangazi, hata hivyo, ukuta wa zege usiovuja unaweza kuugeuza mto wote uliobaki ukaingia mferejini. Kilichoitwa kuongeza ufanisi kikamwongezea wa juu uwezo wa kumnyima wa chini.

Vibali vya maji vilifanya kosa linalofanana na hilo. Kibali kilitaja lita kadhaa kwa sekunde, kana kwamba mto una ujazo uleule Machi na Oktoba. Vifaa vya kupimia mahali pengi havikuwapo. Mkulima aliyelipa ada akaona amenunua maji, na aliyenunua kitu hana sababu ya kumwachia mwenzake. Nimesikia kauli hiyo kwa masikio yangu, bila ubishi wowote ndani yake: "Sisi tumelipia."

Sasa kwa upande wa jamii. Kabla ya mradi wowote, vijiji vya Usangu vilikuwa na zamu. Mfereji huu usiku, ule mchana. Leo wa juu, kesho wa chini. Na mtu wa zamu analala bandani karibu na banio na tochi yake, kwa sababu saa nane za usiku ndipo mwizi wa maji anapokuja na gunia la mchanga. Nani anaweza kuifanya kazi hiyo kutoka ofisini Iringa au Dodoma? Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ilizipa jumuiya za watumia maji nafasi rasmi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kijiji mamlaka ya kupanga ardhi yake. Vyombo vya kisheria vipo. Na jumuiya hugundua mambo mapema kuliko mtu yeyote: matete yaliyochomwa, bustani iliyoingia ndani ya mita 60 kutoka ukingoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 imezitenga, kokoro la matundu madogo linalozoa vifaranga vya samaki.

Lakini zamu ina udhaifu ambao wapenzi wa neno "shirikishi" hawapendi kuutaja. Inafanya kazi vizuri ndani ya mfereji mmoja, na kwa taabu kati ya mifereji ya mto mmoja. Kati ya watu wa mto Mkoji na viboko wa Ruaha hakuna zamu, kwa sababu kiboko hahudhurii mkutano. Jumuiya ya wa juu inaweza kuwa na katiba safi, daftari lisilo na doa, mweka hazina mwaminifu, na bado ikaumaliza mto wote kwa makubaliano mazuri kabisa ya ndani. Tena, wanaochaguliwa viongozi mara nyingi ni wenye majaruba mengi karibu na banio. Mjane mwenye jaruba moja mwisho wa mfereji ana kura, ila hana sauti. Mfugaji mara nyingi hayumo kabisa.

Watu hupenda kuutaja mradi wa Mikoko Pamoja wa Ghuba ya Gazi, Kwale, nchini Kenya, kama ushahidi kwamba jamii inaweza. Ni kweli inaweza. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinatunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko hiyo inaifyonza, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule za vijiji hivyohivyo. Nauheshimu sana mradi ule. Lakini tazama umbo lake. Anayelinda mkoko ndiye anayepata samaki, ndiye anayekingwa na mawimbi, na ndiye anayepokea malipo. Msitu wote uko mbele ya macho yake. Usangu ni kinyume: anayetakiwa kujinyima yuko milimani na kwenye mabanio, anayefaidika yuko mbali sana chini ya mto, na hakuna senti inayopanda kutoka kwa wa pili kwenda kwa wa kwanza. Kuichukua Gazi kama ilivyo na kuipandikiza Mbarali ni kumtwika mkulima wa mpunga gharama ya umeme na utalii wa taifa.

Na njia ya askari nayo imeonesha mwisho wake. Mradi wa REGROW wa kukuza utalii kusini mwa Tanzania, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150, ulikuwa na sehemu ya kusaidia usimamizi wa maji hukohuko Usangu. Mwaka 2023 malalamiko ya wanavijiji kuhusu vitendo vya askari wa hifadhi na tishio la kuhamishwa yalifika kwenye jopo la ukaguzi la benki hiyo. Serikali ilizikanusha tuhuma. Aprili 2024 utoaji wa fedha ukasimamishwa, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafungwa. Ugomvi juu ya mpaka ukaondoka na fedha ambazo zingeweza kutengeneza mifereji, na hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Mabadiliko ya tabianchi yanalibana suala hili zaidi. Usangu ina msimu mmoja wa mvua. Zikichelewa, mkulima hangoji: anafungua banio mapema ili alowanishe vitalu vya mpunga, na anafanya hivyo wiki zilezile ambazo Ihefu iko chini kabisa. Zikija kwa kishindo, bonde lenye matete linameza mafuriko na kuyaachia taratibu, kazi ambayo bwawa la zege lingeifanya kwa mabilioni. Ardhi oevu ikikatwa vipande kwa mashamba, mkulima wa chini anakosa maji Oktoba na anazama Machi.

Basi nani afunge banio? Naona lifungwe na mtu wa zamu, kwa kiwango kilichopangwa kwa bonde zima. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji iseme ni sehemu gani ya mto lazima ipite kila mwezi, kwa mgao unaopanda na kushuka na mto wenyewe badala ya lita zilizoandikwa kwenye karatasi. Namna ya kuutimiza mgao huo iachiwe jumuiya, na wafugaji wakae ndani yake kwa viti vyao. Kipimo hichohicho kiwekwe kwenye mashamba makubwa ya Mbarali na Kapunga, yaliyokuwa ya shirika la umma na kubinafsishwa miaka ya 2000. Mkulima mdogo hawezi kuombwa afunge mfereji wake huku akitazama mfereji mpana kuliko wake ukipita umejaa. Wanaofaidika chini, umeme na utalii, walipe kitu kinachoonekana kijijini.

Kitu hicho si lazima kiwe kikubwa. Rudi kwa wale akina mama wa Chimala. Mpunga umeshavunwa miezi mingi nyuma, na sehemu ya maji inabaki mferejini Oktoba kwa sababu ndiyo bomba la kijiji: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga. Mengi yanazama ardhini na kupotea njiani ili ndoo chache zijae. Kuufunga mfereji huo leo ni kuwanyima watu maji, na hakuna kamati itakayothubutu. Chimbeni visima virefu kwenye vijiji vilivyojipanga kando ya mifereji, na hakikisheni pampu inapoharibika kuna wa kuitengeneza. Hapo jumuiya itaweza kuteremsha mlango wa chuma Julai, na maji yakateremka Ihefu bila mtoto yeyote kulala na kiu.