Mgongo unauma, unaambiwa umwone mwanasaikolojia

Hapa Dodoma, ukimshauri mtu aliyeumwa mgongo miaka mitatu aende kwa mwanasaikolojia, umemtukana. Atakachosikia ni Mirembe. Jina la hospitali ile ya afya ya akili limegeuzwa utani wa mtaani, na mgonjwa ataondoka akiamini daktari kamwona chizi, au mwongo.

Tiba ya kisaikolojia ya maumivu, ya mazungumzo na mafunzo, haisemi hivyo. Maumivu yakizidi miezi mitatu huitwa sugu, na mara nyingi jeraha huwa limeshapona. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una kama lango la kupitisha au kuzuia ishara za maumivu, na ubongo una sauti katika kulifungua. Hofu, usingizi wa mang'amung'amu na woga wa kuinama huyazidisha. Maumivu ni ya kweli. Kinachotibiwa ni vinavyoyachochea.

Washabiki wa tiba hii, hata hivyo, hutia chumvi. Hupenda kutaja jaribio la Colorado, Marekani, la 2021, ambako wawili kati ya kila watatu waliopewa tiba ya aina hiyo walibaki bila maumivu ya mgongo au na machache sana. Washiriki wote, pamoja na wasiopewa, walikuwa 151 tu. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yenye tafiti 75 na watu zaidi ya 9,000, yaliona nafuu ndogo. Mimi siidharau nafuu hiyo: diklofenaki, dawa ya maumivu, ya kununua dukani kila wiki huharibu tumbo na figo.

Ninachohofia ni neno "ni mawazo tu" kutangulia vipimo. Kanda hii ina wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi. Ugonjwa wa brusela huumiza mgongo, na kifua kikuu cha uti wa mgongo vilevile. Hayo hayatibiwi kwa mazungumzo. Wala mazungumzo hayampunguzii ndoo mama wa Chamwino anayefuata maji mbali.

Kwa hiyo vipimo kwanza. Kisha mafunzo haya yatolewe kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, na yule yule anayemwonyesha mgonjwa namna ya kuinama. Wanasaikolojia ni wachache, na nauli ya kutoka Mpwapwa kila wiki si mchezo. Isitoshe, kwenye chumba cha mazoezi hakuna atakayemuuliza jirani yake kaanza lini wazimu.